Safari ya shule nje ya nchi: Usimfiche mwalimu maradhi ya mtoto



Sisi wa Kalenga tumezoea kuona mabasi ya shule yakiingia. Wanafunzi wanakuja kwenye makumbusho kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954. Hushuka, huandika kwenye madaftari yao, hununua karanga na kuondoka. Safari ya namna hiyo haimsumbui mzazi, kwani jioni mtoto yuko kwao.

Somo letu la leo ni safari ya aina nyingine. Ni ile ambayo shule inamchukua kijana wa miaka 12 hadi 15 na kumvusha mpaka, iwe Malawi, Zambia, Kenya au Uganda, akalale huko siku nne, tano au wiki nzima. Safari kama hiyo ina manufaa mengi, na makala haya hayakuja kuizuia. Yamekuja kumkumbusha mzazi jambo moja.

Mara nyingi mzazi hujiandaa vizuri. Hulipa ada ya safari, hununua viatu na begi, hushughulikia hati ya kusafiria. Kisha inakuja fomu ya ruhusa kutoka shuleni. Katikati ya fomu kuna swali: Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Mzazi anaandika "Hapana", anatia sahihi, yamekwisha. Kumbe mtoto ana kifafa, au pumu, au anatumia dawa kila siku ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo moja, "Hapana", ndilo linalotuleta hapa.

KWA NINI WAZAZI HUFICHA

Sababu zinajulikana. Kwanza, mzazi anaogopa mtoto ataondolewa kwenye orodha ya wasafiri na kuvunjika moyo. Pili, anaona aibu. Hataki jina la ugonjwa litembee shuleni na mtaani. Tatu, anajipa matumaini: "Mwaka mzima hajaanguka, siku tano zitampata?"

Ndugu msomaji, safari siyo sawa na siku za nyumbani. Mtoto hulala kidogo, hula kwa saa zisizo zake, hukaa kwenye kiti saa nyingi, husahau dawa kwa sababu ya furaha. Kwa mtoto mwenye kifafa, kukosa usingizi na kukosa dawa ni sababu mbili kubwa za kuamsha degedege. Kwa mwenye pumu, vumbi, moshi na baridi ya alfajiri vinatosha. Kwa hiyo kama kuna wiki moja katika mwaka ambayo ugonjwa uliotulia unaweza kuamka, ni hiyo.

Mtoto ni amana, na Qur'an katika Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Lakini amana yenye uhai hukabidhiwa pamoja na habari zake. Ukimwachia jirani ng'ombe aliyekaribia kuzaa, humwambii tu "niangalizie ng'ombe" ukaondoka. Utamweleza dalili, utamwambia amwite nani usiku. Itakuwaje kwa mtoto tukanyamaza, tukamwachia mwalimu ambaye hajui hata pa kuanzia?

Wapo wanaochelea kuwa kutaja ugonjwa wa mtoto ni kumsema. Imamu Nawawi amezitaja hali sita ambazo inaruhusiwa kutaja jambo la mtu ambalo yeye mwenyewe hapendi litajwe, kwa kuwa kuna haja ya kweli. Kutafuta msaada wa kumwokoa mtoto ni haja ya kweli. Lililo muhimu ni kumwambia anayehusika tu, na kwa kiasi kinachohitajika tu.

MARADHI YASIYOFAA KUFICHWA

1. Kifafa. Mwalimu aelezwe jina la ugonjwa, dawa na saa ya dawa. Mtoto akianguka, alazwe ubavu, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, alegezewe kola na ushungi uliobana, na mtu atazame saa. Asitiwe kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Mate yake hayaambukizi kifafa, kwa hiyo wenzake wasikimbie. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali bila kungoja. Mtoto huyu pia asiogelee wala kukaa ukingoni mwa maji bila mtu mzima kando yake. Mwalimu asiyejua habari hii ndiye atakayemruhusu kuingia ziwani.

2. Pumu. Dawa ya kuvuta kwa mdomo iwe mfukoni mwa mtoto au kwenye mkoba wake wa mkononi. Ikiwekwa kwenye begi kubwa chini ya basi, ni sawa na kuiacha nyumbani. Akishindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya kuhema, hiyo ni dharura.

3. Selimundu. Adui wa mtoto huyu ni baridi, kiu, uchovu na homa. Basi likipita Mafinga na Makambako alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai, kila mtu anatetemeka. Yeye anaweza kuanza maumivu makali ya mifupa. Avae nguo nzito, anywe maji mara kwa mara, na akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

4. Mzio. Kama kuna chakula au dawa iliyowahi kumvimbisha mdomo au kumbana pumzi, iandikwe kwa jina. Daktari wa nchi ya watu hawezi kubuni.

5. Kukojoa kitandani. Wazazi wengi hawalihesabu hili kuwa ni jambo la afya, lakini kwa kijana wa miaka 13 anayelala bwenini na wenzake 20 ni mzigo mkubwa. Wengine huacha kunywa maji tangu mchana, wengine hukesha. Mwambie mwalimu au matroni faraghani. Mtoto aamshwe usiku kwenda chooni, apewe mpira wa kutandika na mfuko wa kuwekea nguo zilizopata najisi mpaka zifuliwe. Asipigwe wala kuchekwa. Huo si uvivu.

DAWA ZA KILA SIKU NA SIRI YA MTOTO

Hapa tuseme ukweli wa mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi, maambukizi ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4. Wapo watoto waliozaliwa na virusi, wakatumia dawa za ARV vizuri, wakakua na sasa wapo madarasani wakifaulu mitihani. Kwa hiyo si ajabu basi la shule kutoka mikoa yetu likawa na mtoto wa namna hiyo.

Hatari yake safarini ni kuwaogopa wenzake. Saa ya dawa ikifika, chumba kimejaa vijana, kila mmoja anachungulia mkoba wa mwenzake. Anaiacha siku ya kwanza, ya pili, mpaka safari inakwisha. Dawa zikiachwa hivyo mara kwa mara, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu.

Hapa si lazima mwalimu ajue jina la ugonjwa. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa, na siri hiyo ni haki ya mtoto. Mwalimu anachohitaji ni la kufanya. Mzazi amchague mwalimu mmoja anayeaminika, kwa kushauriana na mtoto mwenyewe, amwambie: "Mwanangu ana dawa ya kila siku saa 2 usiku. Naomba umwite pembeni kila siku saa hiyo, umpe maji, usimwulize mbele ya watu." Inatosha.

Dawa zibebwe zaidi ya siku za safari. Safari ya siku tano ichukue dawa za siku kumi, kwani basi huharibika na mipaka huchelewesha. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwa wanaokwenda Malawi au Zambia, saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tofauti hiyo haina madhara, ila mtoto aambiwe mapema asije akadhani amekosea. Akisahau, ameze anapokumbuka. Asimeze dozi mbili kwa pamoja.

CHANJO NA KADI YA NJANO

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa na kuandikwa kwenye kadi ya njano inayotambulika kimataifa. Kadi huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanja juzi na kusafiri leo hakusaidii mpakani. Tangu Julai 2016, chanjo moja inahesabika kwa maisha yote. Kenya na Uganda zimo katika nchi zenye homa hiyo, na mtoto anayerudi Tanzania kutoka huko anatakiwa awe na kadi. Shule iulize masharti ya nchi inayokwenda angalau mwezi mmoja kabla, na hospitali ya mkoa iulizwe chanjo inapatikana wapi.

Kwenye chumba cha chanjo pia usifiche. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto mwenye mzio mkali wa mayai, au ambaye kinga yake imeshuka sana kwa sababu yoyote, huenda asifae kuchanjwa. Mchanjaji atapima na kuamua, lakini hawezi kupima asichoambiwa.

MTOTO WA NYANDA ZA JUU AKISHUKA ZIWANI

Tuchukue mfano wa safari ya Malawi. Basi linatoka Iringa, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, linapita Makambako na Uyole, linateremka Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu kwenye mto Songwe, kisha Karonga kandokando ya ziwa. Ziwa hilo, sisi tunaliita Nyasa, liko kwenye kimo cha mita 470 hivi. Kwa siku moja mtoto ameshuka zaidi ya mita 1,000, kutoka mahali penye mbu wachache wa malaria mpaka mahali penye wengi.

Malaria. Mtoto aliyekulia kwenye baridi yetu hana ukinzani alionao mwenzake wa Karonga au Kyela. Akiugua, anaweza kuzidiwa haraka. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, avae nguo ndefu jioni, na mzazi amwulize tabibu mapema kama inafaa apewe dawa ya kinga.

Kichocho. Vijidudu vya kichocho vimo katika sehemu za ziwa hilo, hasa kwenye fukwe zilizotulia zenye majani na konokono. Huingia kupitia ngozi, hata kwa aliyesimama majini hadi magotini. Kwa hiyo mtoto asiingie ziwani kutawadha. Maji yatekwe na kuchemshwa, au yaachwe kwenye chombo siku mbili, na yakipoa atawadhie kando.

Maji ya kunywa. Vijana wa madrasa wamefundishwa maji ya twahara. Wafundishwe pia kwamba maji yanaweza kufaa kwa udhu yasifae kwa kunywa. Maji ya ziwa au mto ni twahara, lakini yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Anaposukutua ateme yote, na kama kuna kipindupindu asukutue kwa maji yaliyochemshwa. Kila mtoto awe na chupa yake na kipande cha sabuni. Pakiti tano za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini hazina uzito begini. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa.

Habari za mlipuko. Kabla ya kuondoka, shule iulize hali ya maradhi huko iendako. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700. Mtume (s.a.w) ametufundisha kutoingia katika nchi yenye tauni na kutoikimbia tukiwa ndani yake. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a) alifika Sargh akielekea Sham, akapata habari za tauni, akaurudisha msafara wake wote. Kuahirisha safari ya shule mpaka mlipuko uishe si uoga.

BINTI NA SAFARI

Umri wa miaka 12 hadi 15 ndio umri wa hedhi kuanza. Binti anaweza kuipata kwa mara ya kwanza akiwa mpakani, katikati ya wavulana. Mama amweleze kabla: ni nini, afanye nini, na kwamba sala imemwondokea kwa siku hizo. Abebe pedi hata kama hajaanza, nguo ya ndani ya ziada na mfuko mweusi. Msafara wenye wasichana uwe na mwalimu wa kike, na mzazi ana haki ya kuuliza hilo kabla ya kulipa.

Wasichana wengi pia huacha kunywa maji safarini ili wasiombe kusimamisha basi kwa ajili ya choo. Matokeo yake ni kichwa kuuma, na wengine maambukizi ya njia ya mkojo. Msafiri ameruhusiwa kupunguza na kukusanya sala, basi vituo hivyo vya sala vitumike pia kuwa vituo vya choo, maji na kunyoosha miguu. Na safari ikiangukia Ramadhani, ruhusa ya kufungua ipo kwa msafiri na kwa mgonjwa. Mwenye selimundu au kifafa asishindane na wenzake.

BARUA YA KUMPA MWALIMU

Baada ya kujaza fomu kwa ukweli, andika barua fupi, nakala mbili. Moja apewe mwalimu mkononi ndani ya bahasha, nyingine ikae kwenye mkoba wa mtoto. Iwe na mambo haya:

1. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, na namba mbili za simu za nyumbani.
2. Hali yake ya kiafya, au kwa siri tuliyoieleza, kusema tu kwamba ana dawa ya kila siku.
3. Jina la dawa, kiasi na saa. Lakini kwa dawa za siri, hilo libaki kwenye karatasi ya kliniki ndani ya bahasha iliyofungwa, ya kufunguliwa na daktari.
4. Dalili za hatari za mtoto wako, kwa maneno ya kawaida.
5. La kufanya kwanza, na lisilofaa kufanywa.
6. Ruhusa ya mzazi kwamba mtoto atibiwe ikitokea dharura.

Kadi yako ya bima ya hapa nyumbani usitegemee itapokelewa ng'ambo. Uliza shule ina akiba gani ya fedha kwa ajili ya matibabu, na nani ameishika.

Ama walimu, nao wana wajibu. Mtoto mwenye pumu au kifafa kilichodhibitiwa anaweza kusafiri. Shule ikimkata jina kwa sababu mzazi wake amesema kweli, mwaka ujao wazazi wote wataandika "Hapana", na mwalimu atasafiri na basi lililojaa asiyoyajua.

AKISHARUDI

Safari haijaisha mtoto akishuka kwenye basi. Malaria aliyoipata huko huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 30 kujitokeza, pengine zaidi. Akipata homa ndani ya miezi miwili, usinunue panado ukangoja. Mpeleke apimwe, na neno la kwanza kwa tabibu liwe: "Alikuwa Malawi tarehe fulani." Hapa kwetu homa ya mtoto hudhaniwa kwanza kuwa mafua au homa ya matumbo. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayoelekeza kipimo.

Kama aliingia ziwani, sema pia. Kichocho kinaweza kuanza na homa, kikohozi na muwasho baada ya wiki kadhaa, au kisioneshe dalili yoyote. Kipimo cha mkojo na choo kikifanywa mapema mno hakioni kitu, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu. Dawa yake ipo na inatibu.

Ndugu msomaji, fomu ikija nyumbani usiijaze ukiwa mlangoni. Kaa na mtoto, mwulize mwenyewe anaogopa nini katika safari hiyo. Pengine atataja jambo ambalo hukulijua. Kisha andikeni kwa pamoja. Mwalimu aliyeambiwa ukweli anaweza kumsaidia mtoto usiku wa manane katika nchi ya watu. Aliyefichwa atabaki kupiga simu Kalenga, na dakika zinakwenda.

Wabillahi tawfiq.